Saa na Akili: Jinsi Kazi ya Daktari wa Mtaa Ilivyopimwa

Mwaka 1911 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya bima ya taifa iliyoletwa na waziri wa fedha, David Lloyd George. Kwa sheria hiyo, tangu mwanzo wa 1913, mfanyakazi mwenye pato dogo aliandikwa katika orodha ya daktari mmoja wa mtaani kwake, naye daktari akalipwa kiasi kile kile kwa kila jina lililokuwamo orodhani, mwenye jina awe mgonjwa au awe mzima. Katika mpango huo zilitumika bahasha ndogo za karatasi ngumu za kutilia kumbukumbu za kila mtu, zenye ukubwa wa kiganja pamoja na vidole vyake. Watu waliziita kwa jina la waziri huyo, nazo ziliendelea kutumika hata karne ya 20 ilipokuwa yaelekea ukingoni. Udogo wa bahasha hizo wasema jambo. Waliozibuni hawakumtazamia daktari kuwa na mengi ya kuandika, wala pengine mengi ya kufikiri: tarehe, neno moja la ugonjwa, jina la dawa, basi, aingie mwingine.

Hapo ndipo ulipoanza upimaji wa kazi ya daktari wa mtaa, na kipimo chenyewe kilikuwa jina la mtu. Mwenye majina 3,000 alihesabiwa kuwa na kazi mara mbili ya mwenye majina 1,500, na malipo yakafuata hesabu hiyo. Kipimo hiki kilikuwa chepesi, tena kilimfaa mlipaji. Walakini hakikugusa kazi yenyewe. Daktari wa mtaa si kama bingwa wa hospitali, ambaye aletewa mgonjwa aliyekwisha kuchambuliwa na wenzake. Yeye humpokea kila ajaye kabla haijajulikana kwamba ana nini, au kama ana kitu. Katika watu 30 wenye kikohozi huenda yumo mmoja mwenye kansa ya mapafu, naye hana alama usoni. Kazi ya kuchagua yule mmoja, huku wale 29 wakihudumiwa kwa haki yao, ndiyo mzigo wa akili unaozungumzwa hapa, na ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya mtu yeyote kujaribu kuupima.

Huduma ya afya ya taifa ilifunguliwa nchini humo tarehe 5 Julai 1948, kwa watu wote, bila malipo mlangoni. Mfumo wa orodha ukabaki vile vile. Daktari mmoja aliruhusiwa kuandikisha hata watu 4,000. Mwaka 1952 idadi hiyo ikapunguzwa ikawa 3,500. Wake na watoto wa wafanyakazi, ambao bima ya 1911 haikuwa imewachukua, sasa walifika na maradhi waliyokuwa wameyavumilia kwa miaka mingi kwa kukosa fedha. Vyumba vya kungojea vilijaa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1950, daktari mmoja kutoka Australia aitwaye Joseph Collings alichapisha katika jarida la The Lancet taarifa ya ziara yake miongoni mwa madaktari wa mitaa. Alikuwa ameketi ndani ya vyumba vyao akitazama. Katika miji ya viwanda aliona nyumba duni, vifaa haba, na wagonjwa wakipitishwa kwa mwendo usioruhusu uchunguzi wa kweli. Hakuficha maneno: huduma ya namna ile, mahali pengine, aliiona kuwa ni hatari kwa umma. Madaktari wengi waliudhika, na baadhi yao walikuwa na haki ya kuudhika, kwa kuwa taarifa ile haikuwa na hesabu ya kutosha nyuma yake. Lakini Collings aliandika jambo moja ambalo wapimaji waliomfuata, wenye saa na majedwali, walilisahau mara kwa mara. Alisema kuwa hali za kazi alizoziona zaweza kumgeuza daktari mwema akawa mbaya kwa muda mfupi sana. Hakuutafuta ubaya ndani ya mtu. Aliuona katika foleni na katika chumba.

Katika miaka ile ile mtaalamu wa nafsi Michael Balint, mzaliwa wa Budapest, alikuwa akikutana na kikundi cha madaktari wa mitaa katika kliniki ya Tavistock jijini London. Kila mmoja alileta habari za mgonjwa aliyemshinda, na wenzake wakazijadili. Kitabu kilichotokana na mikutano hiyo kilitoka mwaka 1957, na fundisho lake lililojulikana zaidi ni kwamba dawa itumikayo kuliko zote katika chumba cha daktari ni daktari mwenyewe. Balint aliwahimiza wenzake watenge saa nzima ya mazungumzo kwa mgonjwa ambaye maradhi yake yana mizizi katika maisha yake. Ushauri ulikuwa mzuri, ila ni daktari yupi mwenye watu 3,000 orodhani aliyeweza kuufuata? Balint alifariki mwishoni mwa 1970. Mwaka 1973 mjane wake, Enid Balint, pamoja na wenzao wakatoa kitabu kingine ambacho jina lake lenyewe lilizungumzia dakika sita kwa mgonjwa. Saa moja ya bwana imekwisha kuwa dakika sita za wanafunzi wake. Wapo walioona kitabu hicho kuwa ni hatua ya mbele, kwa sababu kilitafuta yanayowezekana katika mazungumzo mafupi; na kweli yanayowezekana si machache. Hata hivyo ni vigumu kukisoma bila ya kuona pia kwamba watu wema walikuwa wamekubali kushindwa na saa.

Kabla ya hapo ugomvi ulikuwa umekwisha zuka. Mwaka 1965 maelfu ya madaktari wa mitaa walikikabidhi chama chao barua za kujiuzulu zisizo na tarehe, zitumike ikiwa serikali itakataa kuwasikiliza. Katika hati ya madai yao, sharti la kwanza la kumhudumia mgonjwa vyema lilikuwa kwamba daktari awe na wakati wa kutosha kwa kila mgonjwa. Waziri wa afya, Kenneth Robinson, alifanya nao mapatano, na mkataba mpya wa 1966 ukaleta posho ya msingi isiyotegemea idadi ya majina peke yake, ukarudisha kodi ya nyumba za kazi na asilimia 70 ya mishahara ya wasaidizi. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini dai lile la kwanza halikuwa la fedha, wala halikujibiwa kwa fedha. Wakati wa kutosha ni kiasi gani? Hakuna upande uliokuwa na jawabu.

Ndipo saa ikaingia chumbani. Miongoni mwa majaribio mengi ya aina hii, lililo bora pengine ni lile la David Morrell na wenzake wa London, lililochapishwa mwaka 1986. Katika kituo kimoja wagonjwa walipangiwa miadi kwa nafasi za namna tatu: dakika 5, dakika 7 na nusu, na dakika 10. Madaktari walikuwa wale wale na mtaa ule ule. Kilichobadilika ni ratiba. Ilionekana kwamba katika vipindi vya dakika 5 madaktari walitambua matatizo machache zaidi, na wagonjwa waliridhika kidogo kuliko wenzao. Katika vipindi vya dakika 10 shinikizo la damu lilipimwa mara mbili zaidi kuliko katika vile vya dakika 5. Walioshughulikiwa haraka hawakupewa dawa nyingi zaidi, wala hawakurudi kwa wingi zaidi katika wiki nne zilizofuata. Kwa hiyo mtu wa hazina angeweza kusema kuwa haraka haikugharimu kitu.

Lakini jaribio lile lilikuwa na matokeo mengine, nayo ndiyo ya kusimamia. Watafiti walipima pia mkazo wa madaktari wenyewe. Kipimo hakikuonyesha tofauti: mkazo haukuwa mkubwa zaidi katika dakika 5 kuliko katika dakika 10. Na bado madaktari wale wale, katika vipindi vifupi, walilalamika mara nyingi zaidi kuwa wakati hauwatoshi. Kipimo kilisema hivi, na vinywa vikasema vile.

Yawezekana kwamba kipimo kilikuwa sahihi na malalamiko yalikuwa mazoea ya mdomo tu. Lakini yawezekana pia, na matokeo mengine ya jaribio yaelekea huko, kwamba daktari aliyebanwa hulinda utulivu wake kwa kuacha kutazama. Asiyepima shinikizo la damu hana namba ya kumtia wasiwasi, na tatizo lisilotambuliwa halina uzito kichwani. Ikiwa ndivyo, basi mzigo haukuwa umepotea. Ulikuwa umehamishiwa kwa mgonjwa, akarudi nao nyumbani. Miaka michache baadaye, mwaka 1991, John Howie na wenzake wa Scotland walikusanya kumbukumbu za maonano zaidi ya 21,000 ya madaktari 85 wa eneo la Lothian. Waliona kwamba katika maonano marefu daktari aligusa zaidi shida za nafsi na za maisha, na yale maradhi ya muda mrefu ambayo mgonjwa hakuja kwa ajili yake siku hiyo. Katika mafupi, alishughulikia kile kilicholetwa mlangoni.

Jambo hili la kuacha kutazama lilikuwa limekwisha onekana kwingine kabisa, kwa watu wasiokuwa madaktari. Wakati wa vita vya pili vya dunia Kenneth Craik, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Cambridge, alitengeneza chumba cha rubani kisichoruka, chenye mitambo na vipimo kama vya ndege ya kivita. Marubani waliwekwa humo kwa saa nyingi ili wachunguzwe uchovu wa akili, na Frederic Bartlett akaeleza matokeo. Rubani aliyechoka hakulala wala hakuanguka. Aliendelea kufanya kazi, ila uwanja wa macho yake ulipungua: vile vilivyo katikati alivitazama, na vile vya pembeni, kama kipimo cha mafuta, alivisahau. Kila chombo alikitazama peke yake, asikiunganishe na kingine. La kushangaza zaidi, kadiri alivyozidi kuharibu, yeye mwenyewe aliona kuwa anafanya vizuri vile vile, au hata vizuri zaidi. Yeyote aliyewahi kumwona daktari mwishoni mwa foleni ndefu, mgonjwa anapotaja neno zito akiwa amekwisha shika kitasa cha mlango, ataona kwamba neno lile lilikuwa kipimo cha mafuta.

Kutokana na kazi za namna hiyo ulikua ujuzi mzima wa kupima mzigo wa akili, na waliougharamia walikuwa wenye ndege na wenye majeshi. Mwaka 1969 George Cooper na Robert Harper walitoa ngazi ya alama 1 hadi 10 ambayo rubani aliitumia kueleza ugumu wa kuiongoza ndege. Kisha mwaka 1988 Sandra Hart, wa kituo cha Ames cha shirika la anga la Marekani huko California, pamoja na Lowell Staveland wakachapisha kipimo ambacho kimeenea kuliko vyote. Mtu akimaliza kazi huulizwa mambo sita: kazi ilimtaka akili kiasi gani, ilimtaka mwili kiasi gani, wakati ulimbana kiasi gani, aliifanikisha kiasi gani, alijitahidi kiasi gani, na iliichafua nafsi yake kiasi gani. Kwa kila swali aweka alama juu ya mstari uliogawanywa sehemu 20. Tena mambo hayo sita hulinganishwa mawili mawili, mara 15, ili ijulikane lipi ndilo lililokuwa na uzito zaidi kwake. (Mstari wa mafanikio waanzia kwenye wema na kuishia kwenye ubaya, kinyume cha mazoea, na si wachache waliotia alama upande usio wao.)

Thamani ya kipimo hiki ni kwamba kimeacha kuiamini saa. Kubanwa na wakati ni jambo moja tu kati ya sita, na hupimwa kwa jinsi mtu alivyobanwa, si kwa dakika. Madaktari wawili waweza kuwa na dakika 10 kila mmoja, huyu akavuta pumzi na yule akasongwa. Udhaifu wake nao waonekana pale pale Cambridge: kinamwuliza mtu jinsi alivyofanikiwa, na rubani wa Craik angejibu kwa furaha kuwa amefanikiwa sana.

Kipimo cha marubani kilifika kwanza kwa madaktari wa usingizi, ambao kazi yao ya kutazama mitambo yafanana na ya angani, na baadaye kikafika kwa daktari anayepokea watu wote. Huko Marekani, kwa njia nyingine ya maswali, Mark Linzer na wenzake walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa madaktari 422 katika kliniki 119. Zaidi ya nusu walisema wabanwa na wakati wanapomwona mgonjwa. Karibu nusu walisema mwendo wa kazi ni vurugu. Na zaidi ya robo walikuwa wamechakaa roho. Hapo palizuka tena kitendawili cha Morrell, kwa sura ya pili. Hali hizo ziliandamana waziwazi na huzuni ya daktari na nia yake ya kuacha kazi, lakini hazikuandamana kwa namna moja na ubora wa matibabu. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba madaktari walikuwa kama kinga kati ya mgonjwa na vurugu: mgonjwa alipata haki yake, na gharama ikalipwa na nafsi ya mwingine. Katika dakika 5 za London mzigo ulimwangukia mgonjwa. Katika kliniki za Marekani ulimwangukia daktari. Wenye kulipa wangetaka kipimo kimoja kiwaambie mzigo uko wapi, ilhali mzigo wenyewe wahamahama.

Wengine waliacha nafsi wakarudi kwenye hesabu, nao wakapata jibu la kuchekesha. Mwaka 2003 Kimberly Yarnall na wenzake walikadiria kwamba daktari mwenye watu 2,500, akitimiza kila kinga iliyopendekezwa na wataalamu, angetumia saa 7.4 kila siku kwa kinga peke yake, kabla ya kumwona mgonjwa hata mmoja. Mwaka 2022 hesabu ya namna hiyo ilifanywa upya, kinga, maradhi ya kudumu, maradhi ya ghafula na maandishi yakijumlishwa. Jumla ikawa saa 26.7 kwa siku. Wanaoandika miongozo kila mmoja ameongeza dakika chache tu, kwa nia njema, bila ya kujua mwenzake ameongeza ngapi.

Na ile bahasha ndogo? Imekuwa kompyuta, isiyojaa kamwe. Uchunguzi uliofanywa Wisconsin na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika siku ya kazi ya saa 11.4, daktari wa familia alitumia saa 5.9 mbele ya kumbukumbu za kompyuta, na 1.4 kati ya hizo zilikuwa baada ya kliniki kufungwa. Katika kipimo cha Lloyd George, saa hizo za usiku hazina jina.

Kwa nchi zenye waganga wachache, upimaji ulishika njia nyingine. Taarifa ya mwaka 1964 juu ya huduma za afya za Tanganyika, iliyoongozwa na Richard Titmuss wa London, ilielekeza macho kwenye vituo vya afya na wasaidizi wa waganga, kwa kuwa madaktari hawakuwapo. Kuanzia miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza njia ya Peter Shipp ya kukadiria watumishi wanaohitajika kwa kuangalia kazi zilizopo: idadi ya shughuli za mwaka huzidishwa kwa dakika zinazopasa kutumika kwa kila shughuli, kisha hugawanywa kwa saa ambazo mtumishi yuko kazini. Tanzania, Kenya na Uganda zimeitumia. Ni njia ya manufaa, maana humwezesha mganga mkuu wa wilaya kudai watu kwa hoja ya namba badala ya manung'uniko. Lakini ni saa tena. Uchunguzi wa mwaka 2017 uliolinganisha nchi 67 ulikuta kwamba katika nchi 18, zenye karibu nusu ya watu wote duniani, maonano ya daktari na mgonjwa hayazidi dakika 5; na humo akili ya aonaye wagonjwa haijaulizwa sana.

Akiulizwa, ataulizwa kwa lugha gani? Kipimo cha California chasimama juu ya maneno. Swali lake la sita lakusanya chini ya jina moja la Kiingereza mambo ambayo Kiswahili chayatenga: wasiwasi, kuvunjika moyo, kuudhika, kukereka. Afisa tabibu wa zahanati aweza kukereka tangu asubuhi bila kuvunjika moyo, au kuvunjika moyo kabisa pasipo kukereka hata kidogo, na hiyo ya pili ndiyo ya kuogopwa. Kwa upande mwingine, lile swali la wakati na lile la akili, ambalo kipimo chayatenga, Kiswahili chayaunganisha kila siku. Mtu aliyezidiwa na kazi husema kwamba hana nafasi. Huenda akawa amekosa dakika, au amekosa mahali pa kumketisha mgonjwa wa pili, au kichwani mwake hamna tena pa kuweka neno. Na amwulizaye hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mpaka aulize tena, naye huyo wa zahanati awe na nafasi ya kumjibu.